Alilaye Tunda Ndiye Alijuaye
Maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu nimezisoma kitaluni, nyuma ya nyumba yangu huku Rungwe, mvua ikipiga turubai na miche ya maparachichi ikiwa imepangwa miguuni pangu. Tano nimeona nizijibu hapa. Wanaouliza hawafahamiani, lakini wote wanasumbuliwa na jambo moja: nitajuaje kwamba maisha yangu ndani ya Kristo yanazaa matunda?

Mama wa Uyole, Mbeya, anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, Mwinjilisti. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina duka la vyakula. Nimeokoka tangu 2009. Ni mweka hazina wa kwaya, tena katibu wa umoja wa akina mama. Jumatano nipo kwenye maombi, Ijumaa mkesha, Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada zote mbili. Fungu la kumi sikosi. Mwezi uliopita nilimfokea binti yangu wa miaka 14 kwa sababu ya sufuria ya maharage iliyoungua. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, siku ukienda kanisani ndiyo tunapumzika." Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa shida. Nifanye nini zaidi ili nami niwe na matunda? Nimefikiria kufunga siku 21.

Jibu:

Mama, usifunge siku 21. Nasema hivyo nami ni mtu ninayefunga. Unauliza ufanye nini zaidi, lakini nimeisoma barua yako mara tatu na sijaona upenyo wa kuingiza kitu kingine. Jumatano, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku zinazobaki ni za duka. Huyo binti anakupata saa ngapi?

Nikueleze yaliyonipata mimi. Mwaka 1988 nilikuwa mwinjilisti kijana, nina baiskeli moja na vijiji sita vya kuhudumia upande wa Busokelo. Naondoka Jumatatu, narudi Alhamisi, mara nyingine Jumamosi. Watu walikuwa wakiokoka, nami nikiwaandika kwenye daftari, jina na tarehe. Daftari lile nililipenda mno. Siku moja mvua ilinikuta karibu na nyumbani, nikajibanza kwa jirani ng'ambo ya kijito kusubiri ipungue. Mama wa pale akaniuliza, "Mwinjilisti, leo mbona hukupiga kengele?" Sikumwelewa. Akasema, "Mwanao wa pili akisikia kengele ya baiskeli yako hutokea mlango wa jikoni, anakuja kukaa hapa kwangu mpaka ulale." Mtoto alikuwa na miaka tisa.

Sikuwa mtu wa kupiga. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nikiingia tu: nani kaacha jembe mvuani, kuni ziko wapi, mbuzi mbona analia, daftari la hesabu nilione. Nyumba yangu ilisikia maswali kabla ya salamu. Kule vijijini watu walinisifu kwa upole, na kweli nilikuwa mpole kwao. Upole wote niliumalizia huko, nyumbani nikaleta makombo.

Nilimweleza mchungaji wangu nikitegemea aniombee. Aliniombea, kisha akaichukua baiskeli. Akasema itakaa kwake miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu nikachume chai na mke wangu.

Ndipo nilipoielewa Yohana 15. Nimezaliwa katika chai, lakini sikuwahi kuiangalia. Mchai ukiachwa bila kukatwa haufi. Unarefuka na kuwa mti kamili, unatoa maua meupe, unazaa hata mbegu. Apitaye barabarani ataona shamba limestawi kupita yote. Mchumaji akisimama pale na kikapu chake ndipo utaona taabu: yale majani mawili na chipukizi lake yamepanda juu, mkono haufiki, na ni machache. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa tunapogoa. Tunakata shamba lote mpaka karibu na magoti, vinabaki vijiti vitupu. Mke wangu siku za kupogoa alikuwa hapendi hata kutazama upande ule. Wiki nyingi zinapita hujapeleka kilo bandani. Halafu machipukizi yanatoka, laini, mengi, yote usawa wa mkono.

Bwana Yesu alisema, "Kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Mkulima akisoma hapo hahitaji mfasiri, kusafisha tawi ni kulikata. Na ona ni tawi gani linalokatwa: ni lile linalozaa. Wewe si tawi kavu, mama. Ungekuwa kavu, maneno ya mtoto yasingekunyima usingizi. Umerefuka tu, na wanao hawakufikii.

Basi rudisha kitabu cha hazina. Watakulaumu, na pengine kwa mwezi mzima mahesabu yatakwenda kombo. Ukatibu nao uachie mwingine. Kuimba usiache, maana katika barua yako yote ni pale tu ulipotaja kwaya ndipo niliposikia furaha. Mkesha wa Ijumaa uuweke kando kwa sasa. Ijumaa funga duka mapema, ukae jikoni na binti yako, mpike pamoja, na jioni hiyo asiulizwe swali lolote la shule.

Kabla ya hayo yote, muombe msamaha. Najua ni vigumu. Sisi tuliokulia huku milimani tulifundishwa kwamba mzazi hamwombi mtoto msamaha, atamdharau. Mimi niliomba, jioni, mafigani, mbele ya mke wangu, na hakuna mtoto aliyenidharau. Mwambie, "Nimekuwa nikikufokea, nimekukosea, unisamehe." Ishia hapo. Usiseme "lakini na wewe uliunguza maharage."

Sisi Wamoraviani kila Agosti tunakumbushwa habari ya Herrnhut, kule Ujerumani. Wale walikuwa wakimbizi wa imani waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya kabaila mmoja, Zinzendorf. Walikuwa waombaji hodari, na walikuwa wagomvi. Walibishana juu ya mafundisho na ibada mpaka wakakaribia kusambaratika. Tarehe 13 Agosti 1727 walikaribia Meza ya Bwana wakiwa wamepatana, wengine wakilia. Mwezi uleule wakaanza zamu za maombi za usiku na mchana zilizoendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1732 wakatuma wamisionari wao wa kwanza, wakaenda kwa watumwa wa visiwa vya Karibi. Mwaka 1891 wakafika hapa Rungwe. Babu yangu alibatizwa, baba yangu akabatizwa, nami nikabatizwa, na ukiifuata njia hiyo kurudi nyuma unafika kwenye Meza ile ya watu waliokuwa hawasalimiani. Kwanza walipatana. Mengine yote yalikuja baadaye.

Unataka kujua kama una matunda? Bwana alisema, "Mtawatambua kwa matunda yao." Wanaotambua ni wengine, wale wanaokula. Kwaya inakula kidogo, Jumamosi kwa saa mbili tu. Binti yako anakula kila siku, asubuhi na jioni, naye amekuambia ladha yake. Mungu amemtumia kukufanyia hisani kubwa. Usimwogope mtoto huyo.

Baiskeli yangu ilirudi baada ya miezi mitatu. Siku ya kwanza nilipotoka kijijini nilipiga kengele tokea mbali, kusudi, ili mtoto akitaka kuondoka aondoke kwa amani. Nilipofika uani alikuwa amesimama pale. Alinishikia usukani, akaisukuma baiskeli mpaka stoo. Hakusema kitu, nami sikuuliza kitu. Katika daftari lile la majina na tarehe hakuna nililowahi kuandika linaloizidi siku hiyo.

Kijana wa Makambako, mkoa wa Njombe, anauliza:

Shikamoo Mwinjilisti. Nina miaka 22, naendesha bodaboda. Niliokoka Pasaka ya mwaka jana. Rafiki yangu tuliyeokoka naye siku moja ananena kwa lugha na sasa anaombea wagonjwa. Mimi abiria akinipunja nauli bado napandwa na hasira hata natukana, na mawazo machafu yananijia. Kila usiku najipima kwa ile orodha ya tunda la Roho katika Wagalatia 5 na kila usiku napata sifuri. Je, niliokoka kweli?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Unachanganya karama na tunda, na wengi wetu tunachanganya. Karama inaweza kutolewa kwa siku moja. Tunda lina majira yake. Wakristo wa Korintho Paulo anawaambia waziwazi kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote, na katika waraka uleule anawakemea kwa fitina, na kwa kupelekana mahakamani, na kwa wengine kulewa kwenye Meza ya Bwana huku wenzao wakiwa na njaa. Furahi kwa ajili ya rafiki yako, umwombee. Usimtumie kama rula.

Uko Njombe, kwa hiyo maparachichi unayajua. Mbegu ya parachichi la sokoni ukiifukia itaota, lakini utasubiri miaka mitano, saba, hata zaidi, na tunda lake halitafanana na ulilokula. Ndiyo maana tunabebesha. Unachukua kikonyo kutoka mti mzuri, unakichonga, unakipachika kwenye mche wa kienyeji uliokwisha kushika mizizi, unafunga utepe wa nailoni, na hapo kazi yako imekwisha kwa wiki kadhaa. Vijana ninaowafundisha wana kosa moja wanalolirudia. Siku ya nne wanafungua utepe kuangalia kama kikonyo kimeshika. Kilikuwa kinashika. Wao ndio wanaokibandua.

Kujipima kwako kila usiku ndiko huko kufungua utepe. Acha. Bwana hakusema "jipimeni." Alisema, "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu. Kama vile tawi lisivyoweza kuzaa peke yake, lisipokaa ndani ya mzabibu." Kazi ya kikonyo ni kukaa palipofungwa, utomvu upite. Asubuhi kabla hujaingia kijiweni soma andiko moja fupi, moja tu, ulibebe siku nzima kichwani. Kanisa letu limekuwa na desturi ya andiko la siku tangu karne ya 18, kitabu chake cha kwanza kilichapishwa kwa ajili ya mwaka 1731, na imewalea watu wasio na muda kama wewe. Jumapili usikose ibada, na wiki usiikose jumuiya. Hapo ndipo ulipofungwa.

Mti uliobebeshwa ukijaribu kutoa maua ukingali mdogo tunayaondoa kwa mikono, ili nguvu iende kwanza kwenye mizizi na matawi. Mwenye mti mpya huumia kuyaona yakidondoka. Inawezekana kabisa kwamba Mungu anakuzuilia jambo sasa kwa sababu hiyohiyo, na wewe unahesabu sifuri.

Tena parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini, lakini ulaini wake huja baada ya kuchumwa. Ukilibonyeza likiwa juu ni gumu kama jiwe, na ukisema "halina kitu" utakuwa umekosea. Upole wako utaonekana mikononi mwa abiria. Na kwa habari ya abiria: patana nauli kabla hajapanda. Nusu ya majaribu yako itaishia hapo. Akikupunja hata hivyo, hasira ikipanda, kaa kimya mpaka uhesabu nguzo tano za umeme barabarani. Ukitukana, rudi ukamwombe radhi ukiweza kumpata. Mwaka juzi ungetukana na kulala usingizi. Sasa unatukana na kuniandikia barua kurasa mbili. Mwanangu, utepe umeshika.

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anauliza:

Mtumishi mmoja ametuambia tupande mbegu ya shilingi 500,000 ili tuvune matunda ya kiroho na ya biashara. Mtaji wangu wote ni 800,000. Nitoe?

Jibu:

Usitoe. Kuna mtu aliyetaka kuinunua kazi ya Roho Mtakatifu kwa fedha, Simoni wa Samaria, na Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Sadaka toa, na utoe kwa ukunjufu, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima," katika kile ulichojaliwa. Huo mtaji ndio ugali wa wanao na ada yao. Anayekutisha ili uutoe, ondoka kwake.

Baba wa Kilolo, Iringa, anauliza:

Kamwene, Mwinjilisti. Marehemu baba aliniachia shamba kubwa la milanzi, ile mianzi ya kugema pombe. Kila masika nagema ulanzi na kuuza hapa nyumbani, na ndiyo fedha inayosomesha watoto wangu wawili sekondari. Nimeokoka miaka miwili iliyopita. Wengine kanisani wanasema nisipoacha sina matunda ya toba. Wengine wanasema ulanzi ni kinywaji cha wazee wetu, hauna shida. Masika haya mzee mmoja alitoka kwangu usiku amelewa, akaenda kumpiga mkewe mpaka akalazwa. Tangu hapo kila nikichonga chipukizi moyo unanigonga.

Jibu:

Kamwene, ndugu yangu. Nimewahi kulala Kilolo wakati wa mvua, nikaona vikombe vya mwanzi vimening'inia shambani alfajiri. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, mtoto anakunywa. Uleule jioni umechacha wenyewe bila kutiwa kitu, na kesho yake ni pombe kali. Kwa hiyo swali lako si jepesi, na sitakujibu kana kwamba ni jepesi. Sitamhukumu marehemu baba yako.

Nakupeleka Luka 3. Yohana Mbatizaji aliwaambia watu, "Toeni matunda yapatanayo na toba," na watu wakamuuliza kama unavyoniuliza wewe: tufanye nini? Mimi nilikuwa nikitegemea awaambie waombe au wafunge. Hakusema hivyo. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, watoshewe na mshahara wao. Kila mtu alijibiwa kwa kazi yake, palepale mkono wake unapogusa fedha. Tunda la toba alilitafuta mfukoni na kazini kwanza. Kwa hiyo Roho anayekugonga ukiwa na kisu mkononi shambani hajakosea mahali.

Yule mke aliyelazwa ndiye jibu lako, naamini unalijua. Hukumpiga wewe. Lakini tunda la shamba lako lilipita nyumbani kwake, na alilionja yeye. Usingoje baraza la wazee wa kanisa lipige kura.

Watoto wako wawili nao siwasahau, wala Mungu hawasahau. Ninajua watu wanaosema "acha leo" na kesho hawaulizi ada umeipata wapi. Kwa hiyo tuhesabu pamoja. Chipukizi unaloligema haliwi mwanzi tena, limekwisha. Usiloligema linakua. Na mwanzi kwenu una kazi: uzio, dari, vikapu, na yale matenga ya nyanya. Ilula iko jirani, nyanya zake zinasafiri nchi nzima, nawe una malighafi nyuma ya nyumba. Masika yajayo acha nusu ya shamba bila kugema. Nusu nyingine, kama ni lazima kwa mwaka huo, gema ya asubuhi tu, uiuze asubuhi, na ifikapo mchana pafungwe. Usiuze usiku tena hata lita moja, na uanze hivyo sasa hivi, usingoje masika. Mwaka unaofuata punguza tena mpaka uishe. Mtafute msuka matenga, umkaribishe shambani, na mwanao mmoja ajifunze kwake wakati wa likizo.

Wapo watakaosema nimekulegezea. Mtini wa Luka 13 ulikaa miaka mitatu bila tunda, mwenye shamba akataka ukatwe, na mtunzaji akasema, "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Naomba mwaka huo kwa ajili yako, na ninaomba ukapalilie kweli.

Kuna jambo moja la kufanya wiki hii. Nenda kamwone yule mama aliyelazwa. Nenda na mkeo, mbebe unga na sabuni. Usijitetee. Na mzee yule akija tena kwako, mkalishe, mpe chai.

Bibi wa Makete anauliza, kwa mkono wa mjukuu wake:

Mwinjilisti, nina miaka 81. Nilizika wanangu wawili na wakwe zangu wawili katika ile miaka ya ugonjwa ulipotumaliza huku kwetu. Nimelea wajukuu sita. Kwa miaka 30 nilifagia kanisa kila Jumamosi. Sasa magoti hayanibebi hata kufika barabarani, na baridi ya huku unaijua. Nakula, nalala, naota moto. Zamani nilikuwa na kazi kwa Bwana. Ananiacha duniani nizae tunda gani?

Jibu:

Shikamoo, mama.

Zaburi ya 92 inasema juu ya waliopandwa katika nyumba ya Bwana, "Watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi." Nilitaka kukuandikia mahubiri marefu juu ya mstari huo, kisha nikageuza karatasi ya barua yako.

Mjukuu wako aliyekuandikia ameongeza maneno nyuma, kwa kalamu nyingine, madogo sana. Nadhani hakukusomea. Anisamehe nikiyatoa hadharani, ila nimeona ni haki yako uyasikie: "Bibi hajui, lakini sisi wote sita tulijifunza kuomba kwa kumsikia usiku kupitia ukutani. Kaka aliye Dar es Salaam anasema hadi leo akiomba anaanza na maneno ya bibi."

Mama, sina la kuongeza hapo. Mwambie mjukuu akusomee tena.

Ninalo ombi. Kwa kuwa usiku huwa uko macho, nakuomba unisaidie kazi. Yupo mama wa Uyole mwenye binti wa miaka 14, anaogopa kumwomba mtoto msamaha. Yupo kijana wa bodaboda pale Makambako anayejipima kila usiku. Wa Mwanjelwa ana mtaji mdogo na mtu wa kumtisha. Na kule Kilolo yuko baba mwenye milanzi na ada ya watoto wawili. Majina yao siwezi kukupa, nawe huyahitaji. Anza na yule wa Uyole, maana Ijumaa iko karibu.